Asubuhi anafundisha, jioni hawezi kutafuna: mke wangu anaigiza?

Daktari, assalaam alaykum.

Mimi ni msomaji wa safu hii kutoka Tanga, nina mke na binti mmoja, Salma. Mke wangu ana miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi. Nakuandikia kwa sababu yake, maana nyumbani kwetu sasa hakukaliki.

Yalianza mwaka jana kwa jicho la kushoto. Ikifika jioni kope inashuka yenyewe, kama mtu aliyekesha. Tukasema ni vumbi la chaki. Baadaye akawa anaona vitu viwili viwili, bodaboda moja anaiona mbili, mpaka akaogopa kuvuka barabara. Akapimwa macho, akapewa miwani, haikusaidia kitu. Kisha ikafuata sauti. Vipindi vya asubuhi anafundisha vizuri tu, lakini kufika mchana sauti inatokea puani, na akiwasomea watoto imla wanamwomba arudie kila neno. Akiandika ubaoni mkono unashuka, inabidi aushikilie kwa mkono wa pili.

Ramadhani ndiyo iliyoleta maneno. Tukikaa kufuturu, uji na tambi vinapita. Ikija nyama anatafuna mara chache, halafu anashika kidevu kwa kiganja, anasukuma taya lipande. Siku moja alikunywa maji yakamtokea puani mbele ya mama yangu na mawifi zake. Wifi mmoja akacheka. Mama akasema palepale: "Asubuhi anafua nguo za nyumba nzima, jioni nyama imemshinda? Huu ni uvivu wa kujifunza."

Hospitali tumezunguka. Sehemu moja walisema msongo wa mawazo. Sehemu nyingine walisema malaria, wakamtundikia dripu ya kwinini, na usiku ule alizidiwa, akawa hawezi kumeza hata mate yake. Mwishowe tulipata rufaa kwa bingwa. Huyo alimwambia aangalie juu bila kupepesa, tukaona kope zinashuka taratibu, akamwekea barafu juu ya jicho na kope ikapanda. Akampima damu. Akasema ni miastenia gravis, ugonjwa wa mahali mishipa ya fahamu inapokutana na misuli, akamwandikia piridostigmini.

Akimeza kidonge, baada ya kama nusu saa jicho linafunguka na sauti inarudi. Saa chache baadaye yote yanarudi kama mwanzo. Dada yangu anasema hakuna ugonjwa wa namna hiyo, wa kuja na kuondoka kama mgeni. Mama amepata mganga huko Pangani, anasema ni jini, na anataka mke wangu aache dawa za hospitali siku saba kwanza ndipo amtibu. Mke wangu alilia sana, akaniuliza kama na mimi nasema anaigiza. Sikumjibu.

Daktari, kweli mtu anaweza kuwa mzima asubuhi na mgonjwa jioni? Salma ataurithi? Na tulikuwa tunataka mtoto wa pili, je, tusahau?

Baba Salma, Tanga

*

Baba Salma, wa alaykum salaam.

Mke wako haigizi. Na hicho kidonge asikiache, si kwa siku saba, si kwa siku moja. Mengine yote nitakayoandika ni ya kukueleza kwa nini.

Kitu ambacho ndugu zako wanakiona kuwa ushahidi wa uongo ndicho hichohicho sisi madaktari tunachokitafuta ili kuutambua ugonjwa huu. Mgonjwa akiniambia "asubuhi nina afadhali, kadiri ninavyotumia mwili ndivyo unavyoniishia, nikipumzika unarudi", nusu ya kazi yangu imeshafanyika. Si jambo jipya. Mwaka 1672 daktari wa Uingereza, Thomas Willis, aliandika kuhusu mwanamke aliyekuwa akiongea vizuri kwanza, lakini akishaongea kwa muda mrefu au kwa haraka anakuwa bubu kama samaki, na sauti inamrudia baada ya saa moja au mbili. Soma hapo, kisha fikiria darasa la mke wako saa saba mchana.

Ubongo ukitaka mkono unyanyuke, amri inasafiri kama umeme kupitia uti wa mgongo hadi kwenye mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye msuli. Lakini mshipa huo haugusani na msuli. Kati yao kuna upenyo mdogo mno, na umeme hauuvuki. Ncha ya mshipa inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, kemikali inavuka upenyo, inanasa kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli, na hapo msuli unajikunja. Kwa mwenye miastenia, kinga ya mwili, ileile inayotulinda na maradhi, imetengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi hivyo. Vingine zinaviziba, vingine zinavibomoa kabisa. Ni kama mtu aliyejaza gundi kwenye matundu ya kufuli: funguo unazo mkononi na mlango haufunguki. Ubongo wa mke wako uko sawa, mishipa iko sawa, na nia anayo. Ujumbe haupokelewi.

Sasa hilo la asubuhi na jioni. Msuli unapotumika mfululizo, kila mara mshipa unamwaga asetilikolini pungufu kidogo kuliko mara iliyotangulia. Hata kwako ni hivyohivyo, ila wewe una vipokezi vya akiba, kwa hiyo huhisi chochote. Yeye akiba hana. Ndiyo maana tonge la kwanza linatafunika na la kumi linamshinda, mstari wa kwanza ubaoni unanyooka na wa tano mkono umeshuka. Akipumzika, mshipa unajaza tena ghala lake. Joto nalo huzidisha hali hii, na Tanga yenu mchana mnaijua. Baridi huipunguza, na hiyo ndiyo maana ya barafu ile juu ya jicho. Yule bingwa hakuwa akifanya mazingaombwe. Kope iliyoshuka ikapanda baada ya dakika mbili za barafu ni kipimo cha kweli, na hakuna mtu anayeweza kukiigiza.

Misuli ya macho, uso, taya na koo huanza kupata shida mapema kwa wagonjwa wengi. Ugonjwa unawapata wanaume na wanawake, lakini wanawake wengi huupata kabla ya miaka 40 na wanaume wengi baada ya 50. Mke wako yumo katika kundi lake hasa. Na kwa kuwa umetaja damu: kingamwili hizo huonekana kwa wagonjwa kama 8 kati ya 10 ambao udhaifu wao umeenea mwilini. Wapo wenye kingamwili za aina nyingine, na wapo ambao kipimo hakioni kitu. Kwa hiyo majibu yakija safi, mtu asikwambie "si tulisema".

Watu wakisikia mishipa na misuli wanawaza kupooza tu. Magonjwa haya ni mengi, na kila moja linaharibu mahali pake. Kuna Duchenne, inayowapata wavulana wadogo: msuli wenyewe unaoza polepole, mtoto ananyanyuka kutoka chini kwa kujishika magoti na mapaja, na mashavu ya miguu yananenepa huku nguvu zinapotea. Kuna Guillain-Barré, ambayo mara nyingi huja baada ya kuharisha au mafua makali, ganzi na udhaifu vinaanzia miguuni na kupanda kwa siku chache. Kuna konzo, iliyowakumba watu wa Tarime miaka ya 1980 kwa kula mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, miguu inakakamaa ghafla na kubaki hivyo. Katika yote hayo, aliyelala dhaifu anaamka dhaifu. Miastenia ndiyo inayopanda na kushuka ndani ya siku moja, na nashukuru kwamba ndiyo yenu, kwa sababu kati ya hayo yote ndiyo yenye dawa nyingi zinazofanya kazi.

Dada yako anashangaa kidonge kinachofanya kazi saa chache kisha kinaisha. Piridostigmini haiponyi ugonjwa. Inazuia kile kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili kemikali ile kidogo ikae muda mrefu zaidi kwenye upenyo na ibahatike kupata kipokezi kizima. Inaanza kuonekana kwa nusu saa au zaidi kidogo, na baada ya saa tatu au nne imekwisha. Lazima irudi kama mwanzo. Mwaka 1934, katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, daktari Mary Walker alimdunga mgonjwa wake dawa ya ukoo huohuo, nguvu zikarudi, kisha zikaondoka dawa ilipoisha. Kwa hiyo muda aliouona mke wako ni muda wa dawa yenyewe. Mpangie kidonge kama nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula kikuu, ili taya na koo viwe na nguvu wakati anapovihitaji. Asiongeze dozi mwenyewe siku akijisikia vibaya. Ikizidi, mate yanajaa, tumbo linasokota na kuharisha, jasho linatoka, na udhaifu wenyewe unaongezeka, mkashindwa kujua kinachomsumbua ni ugonjwa au dawa.

Huenda bingwa akaongeza prednisoloni au azathioprini, dawa za kutuliza hiyo kinga iliyokosea njia. Hizi ndizo zinazokwenda kwenye mzizi. Azathioprini inachukua miezi kabla hamjaona faida, msikate tamaa. Prednisoloni inaweza kumdhoofisha katika wiki mbili za mwanzo kabla ya kumsaidia, kwa hiyo ianzishwe kwa uangalizi, na ikishaanza haikatwi ghafla.

Nimechelewa kufika kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote katika barua yako: ile dripu ya kwinini. Kwinini inazuia ujumbe kupita palepale ambapo ugonjwa umeshaharibu. Kumpa mwenye miastenia ni kumwongezea mzigo, na kushindwa kumeza mate usiku ule ndiyo matokeo yake. Waliompa hawakujua ana ugonjwa huu, wala ninyi hamkujua. Sasa mnajua. Chukua daftari lake la kliniki, na kwenye jalada la mbele uandike kwa herufi kubwa: NINA MIASTENIA GRAVIS. Chini yake uandike dawa ambazo asipewe mpaka daktari anayeujua ugonjwa huu akubali: kwinini, klorokwini, jentamaisini na streptomaisini, siprofloksasini na ndugu zake, azithromaisini na erithromaisini, propranololi ya presha na mapigo ya moyo, na sindano ya magnesiamu salfeti. Ukitazama orodha hiyo utaona nusu yake inauzwa duka la dawa la mtaani, bila cheti, kwa mtu anayekohoa au kuharisha. Asinunue antibayotiki dirishani. Daftari lisibaki kabatini, litembee naye, na picha yake iwe kwenye simu yako.

Malaria kwetu haiepukiki, na homa yenyewe, ya malaria au ya kifua, huamsha miastenia. Kwa hiyo akipata homa apimwe mapema na atibiwe, wala msikae mkiogopa dawa. Ikiwa kali, tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesunate mbele ya kwinini kwa wakubwa na watoto. Mnaweza kusema hivyo kwa heshima mbele ya muuguzi: "Huyu ana miastenia, tunaomba asipewe kwinini." Akipasuliwa kwa lolote, hata jino, mtoa nusu kaputi ajue kabla.

Usiku wa hatari mtautambuaje? Maji kutoka puani, lile jambo lililomchekesha wifi yake, ni dalili kwamba misuli ya koo na kaakaa imechoka, na kinachoweza kutokea puani kinaweza pia kuingia mapafuni. Likianza kutokea mara kwa mara, arudi kwa bingwa bila kungoja tarehe. Zaidi ya hapo kuna pumzi. Mwambie avute pumzi moja kubwa na ahesabu kwa sauti mpaka iishe. Mjue idadi yake siku akiwa vizuri. Akishuka sana, akashindwa kufika 20, au akiwa hawezi kulala chali, anaongea maneno mawili mawili, au kikohozi chake hakina nguvu, mpelekeni hospitali yenye mashine ya kupumulia wakati huohuo, hata kama ni saa nane usiku. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kisiwape amani: oksijeni hushuka mwishoni kabisa, misuli ikiwa imeshashindwa. Wagonjwa wakiwahi wanasaidiwa kupumua, wanasafishwa damu au kupewa kingamwili za kuwekewa mshipani pale zilipo, na wengi wanarudi nyumbani kwa miguu yao.

Salma hataurithi kwa namna mnayoihofia. Miastenia hii haitoki kwa mama kwenda kwa mtoto kama Duchenne, na haiambukizi kwa kijiko wala kitanda. Mtoto wa pili msimsahau, ila apangwe. Ugonjwa utulie kwanza, na bingwa azipitie dawa zake kabla ya mimba, kwa sababu baadhi ya dawa za kutuliza kinga humdhuru mtoto tumboni. Kliniki ya wajawazito iambiwe siku ya kwanza kabisa. Ninasisitiza hapa kwa sababu magnesiamu salfeti ndiyo dawa ya kifafa cha mimba, inaokoa akina mama wengi, na kwa mke wako inaweza kumsimamishia pumzi. Ajifungulie hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Mtoto mmoja kati ya 5 hadi 10 wa akina mama hawa huzaliwa mlegevu, ananyonya kwa shida kwa sababu kingamwili za mama zimevuka kondo, na zikiisha baada ya wiki chache anakuwa mzima.

Kuhusu Pangani. Dua msomeni, mama asome, na mke wako asome. Aya haigombani na kidonge, na sijawahi kumzuia mgonjwa kuomba. Ninayemhofia ni yeyote anayetaka dawa iachwe kwanza. Huyo mganga hatakuwepo usiku wa manane koo likifunga. Na Ramadhani ijayo, dawa ya kila saa chache mchana kutwa haipatani na kufunga. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na sheikh wenu atawaeleza hukumu ya kulipa au fidia. Kaeni naye mapema, mkiwa na maelezo ya daktari mkononi, asije akafunga kwa kuogopa macho ya watu.

Mama yako simlaumu sana. Ameona mtu anafua asubuhi, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Mwende naye kliniki. Mke wako akikubali, na akubali kwa hiari yake, bingwa arudie kile kipimo cha kuangalia juu mama akiwa amekaa mbele yake. Akiona kope za mkwewe zinavyoshuka bila yeye kutaka, atapata la kuwaambia mabinti zake, na kwake watalisikia kuliko kwako. Lakini jibu la swali ambalo hukumjibu mke wako lisingoje kliniki. Mwambie leo.

Mkifika huko, muulizeni bingwa kama ameshafanyiwa CT scan ya kifua. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, ambako kinga hujifunzia kazi yake, na kwa mgonjwa kama mmoja kati ya 10 hukutwa uvimbe pale ambao lazima utolewe. Hata pasipo uvimbe, utafiti wa wagonjwa 126 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokuwa na kingamwili za vipokezi na wakatolewa tezi hiyo walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji prednisoloni kidogo zaidi katika miaka mitatu iliyofuata. Kwa umri wake ni jambo la kuzungumzwa, si la kuharakishwa: upasuaji hufanywa ugonjwa ukiwa umetulia. Ulizeni pia piridostigmini mtaipata wapi kila mwezi, maana haipo kila duka, na nunueni nyingine kabla kopo halijafika nusu. Na mwombeni barua ya kumpelekea mwalimu mkuu, apangiwe vipindi vya asubuhi, apewe kiti karibu na ubao, na imla asome mwanafunzi mwenye sauti nzuri.